AKINA MAMA WA UFUO WA USENGE NAO NI WAFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa leo tuseme juu ya kazi ya maendeleo ya jamii katika upande wa ziwa, na hasa juu ya akina mama. Huenda baadhi yenu wakauliza: Chama cha wafanya kazi kina haja gani na mama auzaye samaki Usenge? Hana mwajiri, hana karatasi ya mshahara, wala hatoi ada. Jibu letu ni fupi. Wengi tulioketi hapa tulisomeshwa kwa fedha za samaki. Na hata leo, mshahara wetu ukichelewa, ni beseni la mama ndilo linalolisha nyumba. Kama hiyo si kazi, basi hatujui kazi ni nini.

Wasioijua Usenge tuwaeleze. Iko Yimbo, katika Kaunti ya Siaya, mwisho wa njia itokayo Bondo, na kisiwa cha Mageta kiko mbele yake. Wanaume huingia ziwani usiku na taa kutafuta omena, na alfajiri mashua hurudi. Akina mama huwa wamekwisha kufika, wamesimama na mabeseni yao. Wanunua, wanaanika, wanageuza, wanafunga magunia, wanasafirisha mpaka sokoni. Mvua ikinyesha kabla omena hawajakauka, mzigo huoza, na hasara ni ya mama peke yake. Tena tangu 1 Aprili mpaka 31 Julai sheria hufunga uvuvi wa omena ili wapate kuzaana. Sheria hiyo ni njema, lakini tumbo la mtoto halifungwi miezi minne, wala deni halifungwi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Samaki wakiwa wengi, mvuvi humtafuta mnunuzi. Samaki wakiwa haba, mnunuzi humbembeleza mvuvi. Na samaki wamekuwa haba. Mbuta aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 alizaana sana miaka ya 1980, viwanda vikafunguliwa Kisumu, na mawakala wakaja na magari ya barafu. Biashara ya samaki wakubwa ikawatoka akina mama wengi, wakabaki kugombania omena na mabaki. Hapo ndipo ilipopata nguvu desturi iitwayo jaboya: mama hauziwi samaki kwa fedha tu, bali huombwa na mwili wake. Akikataa, beseni lake hurudi tupu.

Ndugu zetu, msicheke wala msiseme kwamba hayo ni mambo ya tabia mbaya ya wanawake. Sisi twayajua mambo haya kwa jina jingine. Nani kati yetu hajasimama langoni asubuhi akitafuta kibarua, watu mia na nafasi kumi, na mnyapara akataka kitu kidogo ndipo akuandike jina? Tulisema siku hizo kwamba mwenye njaa hana hiari, na kwa sababu hiyo tulijiunga na Chama. Ufuo ni lango. Mwenye samaki ni mnyapara. Tofauti ni kwamba sisi tuliombwa shilingi, na mama huombwa kitu ambacho hakirudishwi.

Tena jambo hili halimdhuru mama peke yake. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Siaya, 15 hivi walikuwa na virusi vya Ukimwi, na Kisumu 17 hivi, hali katika Kenya nzima hawakuzidi 5. Sababu ni nyingi, lakini hapana shaka desturi hii ni mojawapo. Mvuvi huhama kutoka ufuo hadi ufuo akifuata samaki, na ugonjwa huhama naye. Wala tusimfanye mvuvi kuwa shetani. Yeye pia ni mfanya kazi asiye na mkataba. Wengi hawana mashua wala nyavu, hupewa fungu tu baada ya mwenye chombo kutoa gharama zake.

Je, wale waliotumwa kuleta maendeleo wamefanya nini? Tuseme kweli, wamekuwako siku nyingi. Mwaka 1952, zamani za ukoloni, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya idara ya maendeleo ya jamii. Mama zetu walifundishwa kushona, kupika, na usafi wa watoto. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo, mzaliwa wa upande huu wa ziwa, akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Bibi Grace Ogot, ambaye wengi humjua kwa vitabu vyake, naye alipata kuwa afisa wa maendeleo ya jamii Kisumu. Hatuyadharau mafundisho hayo. Mtoto aliyekingwa na kuhara ni faida. Lakini sindano haikumpa mama mashua, wala keki haikumpa neno katika bei ya samaki.

Baada ya Uhuru idara zilibadilisha majina mara nyingi. Leo kaunti ina maafisa wa jinsia na maendeleo ya jamii. Tangu 2007 iko Hazina ya Wanawake inayokopesha vikundi. Katiba ya 2010 yasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kwa maandishi, tumetajirika. Lakini afisa huitisha semina saa nne ya asubuhi, wakati mama ameinama juu ya omena wake. Anayehudhuria ni yule asiye na mzigo wa kuanika.

Iko habari moja inayotufundisha. Mwaka 2011, katika ufuo wa Nduru karibu na Kisumu, akina mama walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakaita kikundi chao kwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba hakuna kulala na mtu kwa ajili ya samaki. Hawakuhitaji kuingia ziwani. Waliajiri wanaume wavue, wakawapa fungu lao, na samaki wakawa mali ya mama. Siku hiyo mnyapara aligeuka kuwa mwajiriwa. Hakuna mahubiri yaliyoweza kufanya hivyo kwa miaka yote.

Lakini sikilizeni na mwisho wake. Mashua ni mbao, na mbao huoza. Zikachakaa, na fedha za kuzitengeneza zikawa shida. Kisha mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita kiasi, maji yakaingia Nduru, watu wakahama makwao. Funzo tunalolipata ni hili: zawadi isiyo na akiba nyuma yake huzama pamoja na chombo. Mfadhili hutoa mashua mara moja. Akiba hununua msumari kila mwezi.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twaleta maombi manne.

Kwanza, chama chetu cha akiba na mikopo kiwafungulie mlango akina mama wa ufuoni, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mume. Na malipo ya mkopo yafuate majira ya ziwa: yapungue wakati omena wamefungwa, yaongezwe wakati wamefunguliwa. Mkopo usiojua Aprili humrudisha mama kwa jaboya.

Pili, tuwasaidie akina mama kupata viti vyenye nguvu katika halmashauri ya usimamizi wa ufuo, ile tuiitayo BMU. Viti vya kuhesabu vichwa havitoshi. Ulizeni: nani ashika mizani? Nani ashika daftari? Huko ndiko bei inakokaa.

Tatu, tumwandikie afisa wa kaunti aje ufuoni alfajiri, mashua zinapotua, aone kwa macho yake. Tusimwombe semina nyingine. Tumwombe chanja za kuanikia ili omena wasilale mchangani, turubai za kuwafunika mvua inapokuja, na ubao wa bei uliosimama mahali pa wazi. Mama mwenye chanja anaweza kungoja bei. Mama mwenye omena mchangani hawezi kungoja mawingu.

Nne, na hili ni letu wenyewe. Wako wanachama hapa wenye mashua ziwani, au ndugu zao wanazo. Na waanze wao. Samaki wauzwe kwa foleni na kwa kipimo, fedha mkononi, na mvuvi atakayedai zaidi ya fedha asipewe chombo. Mwaka 2019 mkutano wa kazi wa dunia huko Geneva ulipitisha Mapatano namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, nayo yawataja hata wale wasio na mwajiri rasmi. Si haya kwetu kudai mapatano hayo kwa matajiri wetu mjini, huku mashua zetu zikiyavunja Usenge?

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Tulipoanza Chama tulisema kwamba mtu auze kazi yake bila kuuza heshima yake. Hatukusema kwamba maneno hayo ni ya wanaume tu. Mama anayesimama ufuoni alfajiri na beseni tupu anangoja kuona kama tulisema kweli.

Umoja ni nguvu.