Sinema na Binti Zetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya washarika na waalimu, Kibaigwa)



Hapa Kibaigwa twaijua sana mizani. Mahindi yakifika sokoni hupimwa, bei hutajwa, na mwenye mali hukubali au hukataa. Lakini binti anapotolewa kwa mahari ya ng'ombe, hasa mwaka wa njaa, yeye haulizwi neno. Nasi tumekula karamu za arusi kama hizo, tukasikia vigelegele, tusimtazame usoni.

Sinema hutulazimisha kumtazama. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka wa 1935, kule Vugiri katika milima ya Usambara, ilianzishwa kazi ya kutengeneza sinema za mafundisho kwa msaada wa baraza la misheni, na gari likazunguka kuwaonyesha watu habari za kilimo na afya. Siku hizi twaonyeshwa hata mambo ya nyumbani. Mwaka wa 2021 ilitoka sinema ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute, iliyotokana na kitabu cha Adam Shafi. Humo yumo Yasmin wa Unguja, msichana aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, naye akatoroka.

Mtu atasema, "Unguja si Ugogo." Naam, na faida yake ndiyo hiyo. Nabii Nathani hakumwendea Daudi kwa kumlaumu. Alimsimulia habari za mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake. Vivyo hivyo, baba akikemewa juu ya binti yake hukasirika. Akionyeshwa binti wa mwingine, hunyamaza akafikiri.

Lakini taa zikizimwa, binti hurudi kwao. Sheria ya mwaka wa 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Tena mwaka wa 2016 ilitungwa sheria ya kumfunga miaka 30 amwoaye mwanafunzi.

Basi, waalimu, itazameni kwanza ninyi wenyewe, kisha waonyesheni wazazi, mkae nao na kuzungumza. Na dawati la binti likiwa tupu siku tatu, msingoje kadi ya arusi. Nendeni kwao mkaulize.