Shule ya Januari: Tulichokileta kutoka Cape Town

Hotuba ya wauguzi wa chama katika sherehe ya Uhuru, Johannesburg, tarehe 9 Desemba

   

Mwenyekiti alipotuomba tuseme neno, alitarajia tuzungumzie presha na sukari, kama ilivyo desturi yetu kila mwaka. Vipimo vipo pale mlangoni, na hakuna mtu atakayepewa sahani ya pilau kabla hajapimwa. Leo, hata hivyo, tumeomba ruhusa ya kusema jambo jingine. Januari iliyopita sisi wauguzi wanne, wote tuliokwishavuka miaka arobaini na wote wenye digrii tayari, tulikwenda shule. Tumekuja kuwaeleza tulichokipata huko, na tunalo ombi.

Tuanze na shule yenyewe. Chuo Kikuu cha Cape Town ndicho kikongwe kuliko vyuo vikuu vyote vya nchi hii. Asili yake ni shule ya wavulana iliyoanzishwa mwaka 1829. Tangu mwaka 1950, kila Januari, wanafunzi wakiwa bado likizo, chuo hicho kinafungua madarasa yake kwa wananchi wa kawaida. Wanaiita shule ya kiangazi, maana huku kusini Januari ndiyo jua kali. Kozi zake ni fupi, nyingine mihadhara mitatu, nyingine mitano, kuhusu historia, sayansi, sanaa, tiba na mengineyo. Haulizwi mtu cheti cha kidato cha nne wala cha sita, na hakuna mtihani. Unalipia kozi unayoitaka, unakaa, unasikiliza, unauliza.

Fedha tulizipata kwenye mchezo wetu wa kila mwezi, ule ambao waume zetu wanadhani ni wa kununulia vitenge. Likizo tuliilipia kwa kukubali zamu za Krismasi na mwaka mpya ambazo wenzetu wa wodini hawakuzitaka. Tukapanda basi Park Station, tukapita Bloemfontein, tukakesha tukiikata Karoo, karibu kilomita 1,400. Cape Town tulipokelewa na ndugu zetu Watanzania. Walikataa pesa ya malazi, wakapokea unga na dagaa. Tunawashukuru mbele yenu.

Chuo kimejengwa mguuni pa mlima, na ngazi zake zinamkumbusha mtu wa miaka yetu kwamba magoti nayo ni viungo. Darasani tulikuta wastaafu wengi, wengine wa miaka sabini na themanini, madaftari mapajani, wanaandika kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Sisi tuliokuwa tukijiona tumezeeka tulikuwa vijana wa darasa.

Tulichagua historia ya magonjwa na tiba katika nchi hii. Ndugu zetu, sisi tulikuja huku na stashahada za uuguzi za nyumbani, digrii tukazisomea hapa hapa, mchana darasani na usiku kwenye zamu. Digrii ile ilitufundisha kumhudumia mgonjwa vizuri, na tunajivunia. Ila haikutueleza tumesimama juu ya ardhi gani.

Kwa mfano, muuguzi yeyote anafundishwa jinsi ya kushika shuka chafu za mgonjwa. Mwaka 1713 meli ilitia nanga Cape Town ikiwa na nguo za mabaharia waliougua ndui safarini. Nguo hizo walipewa watumwa wa Kampuni ya Kiholanzi wazifue. Hao ndio walioanza kufa, kisha ndui ikaenea mjini, ikawamaliza Wakhoikhoi kwa wingi kabisa. Tulitazamana. Miaka yote tumevaa glavu, na habari za wafuaji wale hatujawahi kuzisikia.

Kisha likaja somo lililotugusa sisi watu wa Jozi. Mwaka 1901 tauni iliingia Cape Town, na serikali ikatumia sheria ya afya kuwatoa Waafrika mjini na kuwapeleka kwenye kambi nje ya mji, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni. Miaka mitatu baadaye, Machi 1904, tauni ikafika hapa Johannesburg, kwenye mtaa wa Wahindi na Waafrika uliokuwa karibu na ilipo Newtown ya leo. Mohandas Gandhi, ambaye wakati huo alikuwa mwanasheria mjini hapa, aliwakusanya wagonjwa katika jengo tupu akawauguza kwa mikono yake, yeye na wenzake wachache. Manispaa ilimtuma muuguzi mmoja kusaidia. Naye akaambukizwa, akafa. Gandhi aliisimulia habari yake katika kitabu cha maisha yake, lakini jina lake hakulitaja.

Baada ya hapo manispaa iliuchoma moto mtaa mzima. Waafrika wakahamishiwa Klipspruit, zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji. Ndiyo mbegu ya Soweto. Wawili kati yetu tumefanya kazi Soweto miaka mingi, na tulikuwa tukijua kwamba ilijengwa kwa ubaguzi. Kwamba mwanzo wake ulipitia amri ya afya, iliyosemwa kwa lugha ile ile ya usafi na kinga tunayoitumia sisi kila siku, hilo hatukulijua.

Kwa nini tunayasema haya siku ya sherehe? Kwa sababu mnayaona yanayotokea kwenye mageti ya baadhi ya kliniki za mji huu. Watu wanasimama pale wakiuliza vitambulisho, wakisema mgeni ndiye anayemaliza dawa, mgeni ndiye analeta ugonjwa. Mama wa Kitanzania anageuzwa na mimba ya miezi minane. Wenyeji wengi wametupokea kwa wema, na hatutasahau. Lakini maneno ya getini tuliyasikia tena darasani, katika habari za mwaka 1901 na 1904, na tukaelewa kwamba mtu akitaka kumfukuza mwenzake huanza kwa kumwita ugonjwa.

Basi shikeni hili mwende nalo nyumbani. Aprili 2023 Mahakama Kuu hapa Johannesburg ilitamka wazi kwamba mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka sita wana haki ya kutibiwa bure katika vituo vya afya vya umma, bila kujali uraia wao wala makaratasi yao. Bango la tamko hilo linatakiwa kubandikwa kituoni. Mama akizuiwa asirudi nyumbani kulala na uchungu. Atupigie simu, namba zetu anazo katibu.

Tukiiacha hiyo, chuo chenyewe nacho kina historia yake, na hawakutuficha. Sheria ya mwaka 1959 iliwafungia wanafunzi weusi milango ya vyuo kama kile, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Hata wale wachache waliosomea udaktari pale hawakuruhusiwa kuingia wodi za wagonjwa Wazungu. Mwaka 1968 chuo kilimpa kazi ya ualimu msomi mweusi, Archie Mafeje, kisha kikamnyang'anya kazi hiyo kwa shinikizo la serikali. Wanafunzi wakakalia jengo la utawala siku tisa, haikusaidia. Je, mnajua Mafeje alikwenda wapi? Alifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mkuu wa idara ya sosholojia. Mlango uliofungwa chini ya mlima wa Cape Town ulifunguliwa kwenye kilima chetu pale Mlimani. Mwaka 2008 chuo kiliiomba radhi familia yake, naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Wakati wa chai alitujia mama mmoja mzee, muuguzi mstaafu. Alifanya kazi katika hospitali yenye pande mbili, upande wa Wazungu na upande wa wengine, na hata vikombe havikuchanganywa. Aliposikia tumetoka Tanzania alitushika mikono. Akasema alipokuwa msichana alisikia watu wakinong'ona habari za dada waliovuka mpaka kwenda Tanganyika kuuguza, wasirudi.

Wazee wetu mnaijua habari hiyo, lakini watoto wetu hawaijui. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wauguzi wengi Waingereza walifunga virago wakaondoka, na hospitali zetu zikabaki hazina mikono. Mwalimu Nyerere akaomba msaada kwa ndugu wa ANC, kupitia Oliver Tambo. Wakaja wauguzi weusi wapatao 20 kutoka Afrika Kusini, wasichana waliojua kwamba wakishatoka nyumbani huenda wasiruhusiwe kurudi. Wakaingia wodini kwetu, wakazalisha mama zetu. Wengine wao hawakuiona nyumbani tena mpaka miaka ya 1990.

Kwa hiyo mtu akituuliza wauguzi wa Kitanzania tunatafuta nini katika hospitali za Johannesburg, jibu tunalo, na tunaweza kulitoa bila kupandisha sauti. Wenzetu walikuja kwetu kwanza, sisi tukiwa na siku chache za Uhuru na wao wakiwa hawana hata hizo. Kila zamu ya usiku tunayofanya hapa ni sehemu ya kurudisha mkono. Haya tuliyapata kwa majuma mawili ya shule isiyotoa cheti.

Sasa ombi letu. Katika chama hiki kuna methali tunayoirudia kila mkutano, kwamba elimu haina mwisho, lakini tukimaliza kuisema tunaulizana karatasi. Huyu ana digrii, yule hana. Huyu karatasi zake zimekubaliwa, yule bado anasubiri. Wapo kati yetu mafundi magari, wasusi, wauza vitambaa, walinzi, ambao wana akili kuliko wengi wetu na hawajakaa darasani tangu darasa la saba. Wameambiwa mara nyingi mno kwamba chuo kikuu si mahali pao. Na hapa kuna chuo kikuu kikongwe kabisa ambacho kwa majuma machache kila mwaka hakimwulizi mtu alikomea wapi.

Tunaomba chama kitenge fungu dogo, la kupeleka wanachama wawili kila Januari: nauli ya basi na ada ya kozi mbili. Mmoja awe mtu ambaye hajawahi kuingia chuo chochote. Lugha ya madarasa ni Kiingereza, hilo tusilifiche, na ndiyo maana tunataka waende wawili wawili, mmoja amshike mwenzake mkono. Atakayekwenda akirudi asimame hapa, tarehe kama ya leo, atueleze kwa Kiswahili alichokisikia. Wasioweza kusafiri wajue kwamba baadhi ya mihadhara siku hizi inapatikana kwa intaneti, na sebule zetu zipo. Sisi wanne tumeanza: fedha ya mchezo wetu ya mwezi huu tumemkabidhi mweka hazina asubuhi ya leo, na risiti tumechukua.

Na ninyi vijana mnaotusikiliza huku mkitazama simu, tunajua mnasikia. Siku mkiulizwa shuleni kwamba kwenu ni wapi na mmekuja kufanya nini, msiinamishe kichwa. Waelezeni habari za wale wauguzi 20. Waelezeni za Mafeje. Kisha waulizeni nao kama wanajua Soweto ilianzaje.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumemaliza. Wale watatu waliopenya kwenye pilau bila kupima presha tumewaona, na tunawafuata sasa hivi.

Heri ya siku ya Uhuru. Mungu ibariki Tanzania, Mungu ibariki Afrika.