Twendeni Stendi na Tepu ya Kupimia

(Mazungumzo na wawakilishi wa jumuiya pamoja na kikundi cha watu wenye ulemavu, kabla ya ukaguzi wa stendi ya mabasi)

Wengine mmetoka mbali na mvua hii, na wengine imebidi mbebwe kutoka barabarani mpaka hapa ukumbini. Basi mnajua tayari tunazungumza juu ya nini.

Mzee mmoja ameniuliza, kwa nini tuanze na stendi na siyo matatu zenyewe? Swali zuri. Matatu ni nyingi na kila moja ina mwenyewe. Stendi ni moja, na mwenyewe anajulikana: ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya uchukuzi wa umma wa barabarani. Na kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, kwa kadiri inayofaa. Hata kabla ya hapo, sheria ya 2003 ilitaka majengo ya umma yarekebishwe, na wenye majengo wakapewa miaka mitano tangu sehemu hiyo ianze kutumika. Miaka hiyo ilikwisha zamani. Mwaka 2025 sheria mpya ikachukua mahali pa ile, na ngazi za stendi yetu ni zile zile. Kwa hivyo tusiende pale kama watu wanaoomba msaada.

Kuna mama katika jumuiya moja hapa aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Alikuwa akienda kliniki kila mwezi, sasa ameacha. Nilidhani ni nauli. Akaniambia, "Nauli nitatafuta. Lakini kuinuliwa kwa makwapa na makanga mbele ya watu, nguo inapanda, wanacheka... hapana." Mama huyo sukari yake haipimwi kwa sababu ya ngazi tano.

Sasa, kukagua ni nini? Siyo kuzunguka na kusikitika. Ni kupima na kuandika. Ukimwambia afisa rampu ni mbaya, atakujibu, "Lakini si iko?" Na ni kweli, iko! Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Kibaraza kikiwa na kimo cha sentimita 60, rampu isipungue mita 7 na sentimita 20. Mafundi wetu hujenga ya mita 2, wanasema nafasi ni ndogo. Hiyo ni ya kuteremshia magunia ya viazi. Mtu wa kiti cha magurudumu akiipanda peke yake atapinduka kinyumenyume, na akisukumwa wakati wa mvua watateleza wote wawili.

Mlango upimeni ukiwa umefunguliwa, nafasi ile ya kupita yenyewe, isiwe chini ya sentimita 80. Chooni pawe na nafasi ya kugeuza kiti, sentimita 150 kila upande. Angalieni pia mlango wa choo unafunguka wapi. Ukifunguka ndani na mtu akaanguka, mwili wake ndio utakaouzuia, na kumtoa itakuwa kazi. Halafu kuna habari ya ufunguo. Mara nyingi choo cha walemavu kipo, kimefungwa, na ndani mna mifagio na ndoo. Andikeni nani anao ufunguo na ilichukua dakika ngapi kumpata.

Tusifikirie viti vya magurudumu peke yake. Kule Japani, Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 vigae vyenye vinundu ambavyo asiyeona anavifuata kwa mguu au kwa fimbo, na vya kwanza vikawekwa katika mji wa Okayama mwaka 1967. Kwetu asiyeona anafuata sauti za makanga, na makanga wote wanaita kwa pamoja. Na kiziwi je? Basi likibadilishwa linatangazwa kwa kipaza sauti tu. Ubao wenye jina la safari na nauli ungetosha, na haugharimu sana.

Vijana walipendekeza waazime kiti cha magurudumu, wakae wajionee. Mnisamehe, sikubaliani. Kijana mwenye mikono yenye nguvu atakaa dakika kumi, atacheka, atasimama. Wenye ulemavu ndio wataongoza kila kikundi, vijana washike tepu na kalamu. Na mtu asipigwe picha akibebwa.

Tutakwenda mara mbili, asubuhi na jioni ya msongamano, kwa sababu mahali pamoja hubadilika. Waliovuka Likoni wanajua: maji yakipwa, mwendo wa kupanda kutoka kwenye feri unakuwa mrefu zaidi. Aliyekagua maji yakijaa hajaliona hilo.

Ripoti iwe fupi. Mtangulize yale yasiyohitaji pesa, kama ufunguo na kuondoa mawe mlangoni, ya ujenzi yafuate. Peleka nakala mbili kaunti, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mkitaka kujua mipango na pesa za stendi, andikeni barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na wao wana siku 21 za kujibu. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivyo ripoti yetu iwe imefika mapema kabla ya hapo. Wakinyamaza, tutapeleka ombi rasmi kwa bunge lenyewe.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, lango la chini lisilo na ngazi. Kila kikundi kilete tepu na daftari. Pima maji nitaazima kwa fundi.