Mwanachama Anayetaka Kuacha Pombe Aende Wapi?

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, Manzese, Dar es Salaam



Daftari la mikopo aghalabu hujua kabla ya majirani. Rejesho la mwezi huletwa nusu, kisha haliletwi kabisa. Wadhamini huanza kukatwa akiba zao. Kamati humwita mkopaji na kumkaripia. Karipio hilo amekwisha kulisikia nyumbani mara nyingi. Swali ambalo kamati huwa haina jibu lake ni lile analoliuliza mwenyewe siku anapokiri: nataka kuacha, niende wapi?

Mahali pa kunywea hapana haja ya kuelekezwa. Viroba vilipigwa marufuku mwezi Machi 2017, na gongo imekatazwa na sheria tangu zamani, lakini mwenye kiu hakosi. Mahali pa kuachia hapana kibao barabarani.

Na achukuliwe kwa mfano fundi seremala anywaye kila siku kwa miaka kumi. Jumatatu anaapa kuacha, anajifungia chumbani. Jumanne mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi hauji. Hali hii vijana huiita arosto. Kwa mnywaji mzito mambo huweza kuzidi hapo: katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, na kufikia siku ya tatu au ya nne akaona na kusikia visivyokuwapo. Jamaa hudhani ni pepo, na wapo wanaokufa hivyo. Kwa sababu hiyo mtu wa namna hii hapaswi kuanzia mkutanoni, bali kwa daktari. Hospitali ya Sinza, ambayo watu huiita Palestina, iko jirani. Mwananyamala si mbali. Na Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Aeleze bila kuficha kiasi anachokunywa, ili apewe dawa za kumvusha salama. Asichanganye jambo hili na methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Hiyo ni ya waliotekwa na heroini, haitibu ulevi wa pombe.

Akiwa hapo hapo hospitalini, aulizie mkutano wa watu wanaoacha pombe. Aulize siku, saa na lugha itumikayo, na ahakikishe kwa simu kabla ya kulipa nauli, maana mikutano hii huhama. Ipo pia inayofanyika kwa intaneti.

Mikutano yenyewe ilizaliwa na mtu aliyekuwa akitafuta vivyo hivyo. Mwezi Mei 1935, William Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikwama katika mji wa Akron, Marekani, baada ya shughuli yake kuharibika. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Katika ukumbi wa hoteli alisikia sauti za baa, akaogopa. Badala ya kuingia, alishika simu akawatafuta viongozi wa makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alifikishwa kwa daktari mpasuaji, Robert Smith, wakazungumza kwa saa kadhaa. Siku daktari huyo aliyokunywa mara ya mwisho, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous. Wilson hakuomba mhubiri wala mshauri. Aliomba mgonjwa mwenzake.

Katibu wa ushirika akiusikia utaratibu wao atashangaa. Hakuna kiingilio, hakuna hisa, hakuna daftari la mahudhurio. Sharti la uanachama ni moja, kutaka kuacha pombe. Kila mmoja hutaja jina lake la kwanza na kusema habari zake mwenyewe. Hakuna anayemkatiza wala kumhukumu. Mkutano wa wazi hupokea hata mke au ndugu. Ule wa faragha ni wa wenye tatizo tu. Ikiwa mkutano uko katika jengo la kanisa, Mwislamu asirudi mlangoni, kwani chumba hukodiwa tu. Huko Unguja, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, soba hausi zimeendeshwa na watu waliokwisha kuacha dawa za kulevya, wakifuata hatua zile zile 12 kwa Kiswahili na miongoni mwa Waislamu.

Kamati ya mikopo ina mambo mawili ya kujizuia nayo. Isidai hati ya kuthibitisha kuwa mkopaji amehudhuria, wala jina lake lisiandikwe katika kumbukumbu za kikao kwa habari hiyo. Deni lidaiwe kama deni lingine lolote.

Na pale ambapo mkutano uko mbali mno, wawili wanaotaka kuacha wanatosha kuanza wao wenyewe, maana Akron walikuwa wawili. Chama kinaweza kuwapa chumba cha mikutano jioni moja kwa juma. Kamati isione vibaya wakitaka kukilipia: ni desturi yao tangu zamani kujitegemea na kukataa michango ya watu wa nje. Wakabidhiwe ufunguo wa chumba hicho, si ule wa chumba chenye sanduku la fedha, na katibu asikae barazani kutazama nani anaingia.