Mtoto mwenye usonji na sanduku letu la akiba
Maneno tuliyosema katika mkutano wa wanachama, Kamina



Tukipita nyumba kwa nyumba, Dimayi na Sobongo, wazazi wanatuuliza: mtoto mwenye usonji, ile munganga wa hospitali anaita otisimu, Leta inamulipa ngapi? Tujibu wazi. Hapa Kongo hakuna franka ya kila mwezi ambayo Leta inalipa mtoto juu ya usonji. Mtu akikuomba makuta ili aandike mtoto wako kwa "pesa ya walemavu", usimupe.

Kenya, nyumba maskini yenye mtu wa ulemavu mkali, wa kuangaliwa usiku na mchana, inaweza kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini hata kule wanaanza na kuandikwa. Asiyeandikwa haonekani.

Kukosa posho si kukosa haki. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 49, inasema mwenye ulemavu ana haki ya ulinzi wa pekee. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeeleza haki hizo, na ulemavu si wa miguu na macho tu. Tangu 2019 masomo ya msingi ni bure katika shule za Leta. Mwenye usonji naye ni mtoto wa shule. Na sheria ya watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamfunga gerezani anayemshitaki mtoto uchawi. Mtoto asiyesema, asiyekutazama machoni, anayeziba masikio treni ikipiga honi, si mulozi. Ni mtoto wetu.

Sasa, karatasi. Mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto tangu azaliwe. Zikipita, inatakiwa hukumu ya tribinali kwanza. Wengi kati yetu walizaa wakiwa safarini ao kambini. Karatasi ya kambi, kadi ya hospitali, musitupe: ni ushahidi. Pia mfanyakazi anayeandikwa CNSS, akidai posho ya watoto, ataombwa cheti cha kuzaliwa. Mtoto bila cheti ni kama hayupo.

Tuje kwa sanduku letu. Munajua kanuni: funguo tatu, watu watatu, kila mmoja ananunua hisa, mwisho wa mwaka tunagawana. Asiyekuja mkutanoni analipa faini. Akikosa mara tatu, anatolewa. Kanuni hiyo ni nzuri, inatulinda. Lakini mama ambaye mtoto wake anatoroka mlango ukiachwa wazi, na jirani anakataa kumushika, atakuja namna gani? Anakosa, analipa, anatoka. Tunadai Leta imuhesabu mtoto huyu, na sisi wenyewe tumemutoa kwa kaye yetu.

Tunaomba kila kikundi kipige kura juu ya mambo matatu, mbele ya kugawana.

Moja: mzazi wa mtoto mwenye ulemavu atume hisa kwa mkono wa ndugu, bila faini.

Mbili: mfuko wa msaada ulipe gharama za tribinali na safari ya hospitali, si matanga peke yake.

Tatu: mtoto awe na ukurasa wake ndani ya kaye. Hisa za jina lake zisichukuliwe kulipa deni la baba ao la mama. Mzazi akifariki, mlezi asaini mbele ya wote.

Marafiki wafadhili, hatuombi sanduku jipya. Ongezeni katika mfuko wa msaada ulio tayari, na muombe hesabu yake kila mara.

Siku Leta itaanza kulipa, itatafuta majina. Ya watoto wetu yawe yameandikwa. Wenye kukosa cheti watuone leo, mbele hatujaachana.