Mikrobe ya Maziwa Mabichi na Askari wa Mwili

Wenye watoto wadogo wasogee huku penye kivuli. Leo hatutazungumza juu ya kuhara wala juu ya surua. Leo tuko na habari ya homa moja inayotoka kwa ngombe na mbuzi, nayo inajua kujificha ndani ya mwili kupita homa nyingi munazojua.

Tuseme hivi: mama moja ana homa. Mangaribi mwili unawaka, usiku anatoka jasho mpaka nguo inalowa, asubuhi anajisikia nafuu, anaenda shamba. Mgongo unamuuma, magoti yanamuuma, chakula hakipendi. Anameza dawa ya malaria. Homa inatulia siku chache, inarudi. Wanamwambia ni tifoide, anameza dawa ya tifoide. Inatulia, inarudi. Majirani wanaanza kusema amelogwa. Halafu mimba yake inatoka. Kumbe kila asubuhi mama huyu anakunywa maziwa mabichi ya ngombe wa nyumbani kwao. Ile homa ingetulia hata bila dawa, maana ndiyo kawaida yake kupanda na kushuka. Watu wanasifu dawa, na dawa haikufanya kitu.

Ugonjwa huu waganga wanauita bruselozi. Mikrobe yake inaitwa brusela. Ilionekana mara ya kwanza mwaka 1887 kwenye kisiwa cha Malta, na munganga wa jeshi la Waingereza, David Bruce, ndani ya bandama la askari waliokufa na homa. Ilipita miaka 18 mbele ya kujua inatoka wapi. Mwaka 1905 munganga wa kule Malta, Themistocles Zammit, aliikuta kwa mbuzi. Na wale mbuzi walikuwa wanene, wazima kwa macho, wenye maziwa mengi! Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua sana kwao. Kwa hiyo usiniambie, «Ngombe yetu ni mzima, ninamwona.» Macho hayaoni mikrobe.

Sasa sikilizeni vizuri namna inavyodanganya mwili, maana hapa ndipo mutaelewa sababu dawa yake ni ya siku nyingi.

Ndani ya damu yetu kuko askari. Mikrobe nyingi zikiingia, ngozi yao inajulikana mbio, ni kama mwizi anayeingia mu kijiji na kelele; mbwa wanabweka, watu wote wanaamka. Brusela inavaa ngozi ambayo haiamshi askari sana. Inaingia polepole, na mbwa hawabweki. Ndiyo maana mtu anaweza kukunywa maziwa leo, na homa inaanza nyuma ya juma mbili, tatu, nne, pengine nyuma ya miezi. Amekwisha kusahau.

Lakini kuko askari wengine, kazi yao ni kumeza. Askari wa namna hii akikuta mikrobe anaimeza nzima, kama kuku anavyomeza mchwa, halafu anamwaga juu yake maji makali yanayoichoma. Brusela nayo inamezwa. Nyingi zinakufa pale. Zile chache zinazobaki zinazuia yale maji makali yasifike kwao. Zinajitengenezea chumba ndani ya askari mwenyewe, na humo zinakula, zinazaa. Fikiri mwizi aliyehamia nyumbani kwa polisi! Nani atamtafuta pale? Mwili unatengeneza silaha zingine zinazotembea ndani ya damu, lakini hazipiti ukuta wa ile nyumba.

Na askari huyu anatembea. Anaibeba mpaka maini, bandama, mafuta ya ndani ya mifupa, viungo vya mgongo. Kwa mwanaume inaweza kuvimbisha mapumbu. Kwa mama mwenye mimba inaweza kufika kwenye kondo la nyuma, na mimba inaweza kutoka. Kwa ngombe ni vilevile: mara nyingi anatupa mimba ikiwa imekwisha kukomaa, na lile kondo limejaa mikrobe kabisa. Mama mwenye mimba asiliguse, asizalishe ngombe wala mbuzi. Anayelazimika kuliondoa afunike mikono na plastiki, azike chini sana, mbwa wasifukue, halafu anawe na sabuni.

Sasa maziwa. Weka sufuria juu ya moto, ngoja yapande, uendelee kuchemsha kidogo ukikoroga, ndipo utoe. Moto unaua brusela. Baridi haiiui, frigo inaitunza tu. Moshi wa kibuyu unaleta harufu nzuri, hauiui. Na maziwa ya kuganda, ile mashanza tunayoipenda wote? Uchachu wake hautoshi kuaminiwa. Chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo utie chachu; yataganda vizuri. Fromage mbichi ya maziwa yasiyochemshwa, mama mwenye mimba aiache.

Najua nyumbani kuko bibi mzee atakayesema, ukichemsha maziwa ngombe atakauka. Usigombane naye. Kamua, mpe ndama sehemu yake, chemsha ya watoto wako mbele yake. Nyuma ya mwezi mmoja ataona mwenyewe kama ngombe amekauka.

Kama homa inarudi-rudi, mwambie munganga mambo mawili: kwamba unakunywa maziwa mabichi, ao kwamba ngombe wenu alitupa mimba. Usingoje akuulize. Atakupima malaria, na atapima damu juu ya brusela pia, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Dawa iko. Ni dawa mbili pamoja, juma 6, kwa sababu lazima ziingie ndani ya ile nyumba ya polisi na kukaa humo. Juma la kwanza homa inaweza kwisha, na hapo wengi wanaacha, vidonge vinabaki kabatini ao vinapewa jirani. Mikrobe zilizobaki zinazaa upya, na homa inarudi. Na usijinunulie sokoni: doksisikline, ile wanayopewa wakubwa, haifai kwa mama mwenye mimba wala kwa mtoto mdogo chini ya miaka 8. Wao wana dawa yao ingine, munganga anaijua. Mwambie una mimba, hata kama ni ya mwezi mmoja.

Basi, mwenye swali aulize sasa. Wengine leteni fishi za watoto, tuanze kupima kilo.