GPS ya Mkononi: Inavyofanya Kazi na Kiasi cha Kuiamini

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika, katika semina ya utunzaji wa kumbukumbu za miradi)



Nimeombwa nieleze kwa lugha ya kawaida jinsi kifaa cha GPS kinavyofanya kazi, na ni kiasi gani tunaweza kukiamini. Jambo hili si la mafundi peke yao. Siku hizi karibu kila ripoti ya mradi inadai koodineti za kisima, za zahanati au za kitalu cha miti. Mfadhili aliye mbali hufungua ramani kwenye kompyuta, huandika namba tulizompa, kisha hutazama kama kuna kitu pale. Akikuta pori, hana njia ya kujua kama katibu alikosea namba au kama kisima hakikuchimbwa kabisa. Kwa hiyo namba moja iliyoandikwa vibaya inaweza kuwatia watu waaminifu katika mashaka ambayo hawakustahili.

KIFAA KINASIKILIZA, HAKISEMI

Nianze na swali ambalo wanakijiji hutuuliza kila mara: "Hiyo mashine inapeleka habari zetu kwa nani?" Jibu ni kwamba kipokezi cha GPS hakipeleki habari kwa mtu yeyote. Kinapokea tu, kama redio inavyopokea matangazo. Hakihitaji vocha wala mnara wa simu, na hata bondeni kusiko na mtandao kitafanya kazi mradi kinaiona mbingu. Simu ni jambo jingine, maana simu hupokea GPS na pia inaweza kutuma namba hizo kwingine. Tuwaeleze wananchi tofauti hiyo kabla ya kupita kwenye mashamba yao, maana hofu ya kunyang'anywa ardhi ni hofu ya kweli na haifai kuchekwa.

Matangazo hayo yanatoka kwenye setilaiti. GPS ni mfumo wa serikali ya Marekani, uliojengwa na jeshi lake. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Mpango wake unadai setilaiti zisizopungua 24, lakini zinazofanya kazi ni zaidi, kama 30 hivi. Ziko umbali wa kilometa 20,200 hivi kutoka ardhini, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku.

UMBALI UNAPATIKANA KWA MUDA

Wengi wetu tulifundishwa utotoni kukadiria umbali wa radi. Unaona mwanga, unahesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, na kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. GPS inatumia akili hiyo hiyo. Kila setilaiti inatangaza mambo mawili: ilipo, na saa kamili ya kutangaza. Kipokezi kinatazama tangazo limechukua muda gani njiani, kisha kinapata umbali.

Tofauti ni kwamba mawimbi ya redio yanakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Safari nzima kutoka kwenye setilaiti iliyo juu ya vichwa vyetu haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti zimefungwa saa za atomiki, ambazo ni saa sahihi mno.

Sasa umbali unatupaje mahali? Mwashi anajua. Ukimwambia nguzo iko mita 12 kutoka kona moja ya kanisa na mita 9 kutoka kona nyingine, anavuta kamba mbili, na pale zinapokutana anapiga mambo. GPS inavuta kamba za namna hiyo kutoka angani. Kwa kuwa inatafuta mahali pamoja na kimo, inahitaji kamba tatu. Lakini saa iliyo ndani ya kipokezi chetu ni ya bei nafuu, na haiwezi kulingana na zile za atomiki. Hapo inahitajika setilaiti ya nne ili kosa la saa yetu lipatikane na liondolewe. Kwa sababu hiyo, chini ya setilaiti nne usichukue pointi.

Kifaa kilichokaa kabatini miezi kadhaa, au kilichosafirishwa mbali, huchelewa kujua kilipo. Ratiba nzima ya setilaiti zote hutangazwa kwa muda wa dakika 12 na nusu. Kiwashe mapema, kiweke mahali pa wazi, subiri. Anayekimbilia kubonyeza kabla kifaa hakijatulia anaweza kuandika mahali kilipokuwa mara ya mwisho.

NI SAHIHI KWA KIASI GANI?

Wazee wa kazi hizi wanakumbuka kwamba zamani vifaa vya raia vilikuwa na makosa ya kufikia mita 100. Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi usahihi wa matangazo ya raia. Uharibifu huo ulisimamishwa tarehe 2 Mei 2000, na tangu hapo vifaa vya mkononi vimekuwa na manufaa halisi kwa watu kama sisi.

Leo kipokezi kizuri cha mkononi, kikiwa uwanja wa wazi, kwa kawaida kinatoa pointi iliyo ndani ya mita 3 hadi 10 za mahali halisi. Simu nzuri katika uwanja huo huo hupata kama mita 5. Vifaa vipya husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China, na hilo linasaidia sana kwenye mabonde ambako mbingu inaonekana kidogo.

Kosa linalobaki linatoka wapi? Kwanza, angani. Juu sana kuna tabaka la hewa lenye chembe za umeme ambalo huchelewesha mawimbi. Ukanda wetu wa karibu na Ikweta ni kati ya maeneo ambayo tabaka hilo huvurugika zaidi, hasa baada ya jua kuzama katika miezi ya karibu na Machi na Septemba. Pili, mwangwi. Wimbi linaweza kugonga paa la bati, ukuta au mwamba kabla ya kufika kwenye kifaa, na kifaa kikadhani limetoka mbali zaidi. Tatu, vizuizi. Matangazo haya ni dhaifu sana. Majani mabichi ya migomba na miembe huyapunguza nguvu, na mwili wa mtu vilevile. Nne, mpangilio wa setilaiti. Zikiwa zimekusanyika upande mmoja wa mbingu, kamba zetu zinakutana kwa pembe nyembamba, na makutano hayo hayaaminiki.

Kifaa kikiandika "mita 5", hicho ni kisio chake chenyewe. Hakina habari ya mwangwi wa bati. Mara kadhaa katika kila kumi, mahali halisi pako nje ya mita hizo.

Ziko huduma za masahihisho ambazo vifaa vingi vina sehemu ya kuziwasha. Ile ya Marekani ilijengwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini, na ile ya Ulaya kwa ajili ya Ulaya. Kuziwasha huku kwetu kusitupe matumaini ya bure.

MAKOSA MAKUBWA NI YA KALAMU

Ndugu zangu, makosa ya angani ni ya mita. Makosa yetu sisi ya kuandika ni ya kilometa.

Chukueni mji wa Moshi. Uko takriban digrii 3 na dakika 21 Kusini, na digrii 37 na dakika 20 Mashariki. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 21 ni 0.35 ya digrii, na latitudo hiyo katika desimali ni 3.35. Katibu akiandika 3.21, ameihamisha Moshi kilometa 15 hivi kuelekea Mlima Kilimanjaro. Akisahau neno Kusini, au alama ya kutoa inayosimama badala yake, ameipeleka kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit.

Ukaguzi wake ni rahisi. Tanzania Bara iko kati ya latitudo 1 hivi na 12 Kusini, na kati ya longitudo 29 na 41 Mashariki. Namba iliyo nje ya hapo irudishwe kwa aliyeiandika. Hili si tatizo la sharika peke yake. Katika orodha ya vituo vya maji nchini iliyokusanywa kwa sehemu kubwa kati ya 2011 na 2013 kwa ajili ya Wizara ya Maji, vituo zaidi ya elfu moja vilikuwa na longitudo sifuri. Latitudo sifuri na longitudo sifuri ni katikati ya maji, katika Ghuba ya Guinea. Aliyekosa namba asiandike sifuri. Aache wazi na aeleze sababu.

Liko pia suala la ramani za zamani. Ramani zetu za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, wakati GPS inatumia msingi wa WGS 84. Mahali pale pale panapata namba mbili, na tofauti yake ni mita 300 hivi, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kulihamisha banio la maji kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na sote tunajua ugomvi wa vyanzo vya maji unavyoweza kufika. Kila namba iandikwe pamoja na msingi wake.

MAMBO MATATU TUSIYOFANYA KWA KIFAA HIKI

La kwanza ni kupanga mabomba ya maji ya mserereko kwa kimo cha GPS. Kimo huwa na kosa kubwa kuliko mahali, mara mbili au zaidi, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yetu na hakuna iliyo chini ya miguu yetu ya kusawazisha. Tuseme kutoka kwenye banio hadi kwenye tanki kuna mteremko wa mita 20, na kila kimo kina kosa la mita 10. Mteremko halisi unaweza kuwa mita 40, na unaweza kuwa sifuri. Mabomba yatazikwa, akina mama watasubiri na ndoo, na maji hayatapanda. Kazi hiyo ni ya mpimaji na levo yake, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Wafadhili wetu naomba mwelewe hivyo mnapoona kifungu hicho.

La pili ni kuamua mpaka wa kiwanja. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, kosa la mita 5 ni robo ya upana wake. Mpaka unaamuliwa na bikoni na mpimaji ardhi mwenye leseni. Mzee wa kanisa asisimame mbele ya jirani na kipokezi mkononi akasema "mashine imesema". Kwa shamba la ekari nyingi, kulizunguka na GPS kunatoa kadirio zuri la ukubwa kwa ajili ya ripoti, lakini linabaki kadirio.

La tatu ni kumchagulia mchimbaji mahali pa kutoboa kisima kirefu kwa namba peke yake. Wataalamu wakishapima maji ya ardhini, mahali walipochagua pawekwe kigingi na papigwe picha mbele ya mashahidi wa kijiji. Namba iwarudishe watu karibu. Kigingi ndicho kiwaonyeshe mahali penyewe.

TUNACHOOMBA KAMATI ZIFANYE

Kwa kila mradi, mchukua pointi asimame karibu kabisa na kituo, mahali panapoona mbingu, akishika kifaa mbali na mwili. Kama kituo kiko chini ya mti au ukutani, asogee hadi uwazi na aandike amesogea hatua ngapi na upande gani. Asubiri dakika kadhaa, atumie nafasi ya kifaa ya kupata wastani, na ikiwezekana arudie siku nyingine kwa saa tofauti. Pointi mbili zikipishana zaidi ya mita 15, achukue ya tatu.

Kwenye fomu aandike jina la kituo na kijiji, tarehe, jina lake, msingi wa WGS 84, koodineti kwa digrii za desimali zenye tarakimu tano baada ya nukta, idadi ya setilaiti, na kosa lililoonyeshwa na kifaa. Mtu wa pili asome namba kwenye kifaa huku wa kwanza akikagua karatasi. Kabla fomu haijaletwa ofisini, mjumbe mwingine aiweke kwenye ramani na aseme kama anapatambua.

Fomu zitakazokosa sahihi ya mtu wa pili zitarudishwa usharikani. Kazi hiyo inachukua robo saa kwa kila kituo, na mtu yeyote aliyesoma darasa la saba anaiweza. Visima vyetu vipo na maji yanatoka. Tuviandike kwa namna ambayo hata asiyetufahamu ataweza kuvifikia.

Nakaribisha maswali.